Mwalimu wa Chuma na Gari Lisilobeba Kitu

Nianze na macho yake, maana ndiyo yaliyotuharakisha sote isipokuwa yeye mwenyewe. Daktari wa macho aliyekuwa akipita hospitali ya misheni mara moja kwa mwaka alimwambia bila kumung'unya maneno: presha ya macho imeshakula pembeni, itaendelea kula kuelekea katikati, na kilicholiwa hakirudi. Kulikuwa na matone ya kuichelewesha tu. "Una miaka mitatu, Mwalimu. Minne, Mungu akipenda." Akatoka pale akaja moja kwa moja kwenye meza yangu ya taipureta nje ya soko la Mbinga, akaketi, akanieleza habari hiyo kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya stoo. Kisha akasema, "Kwa hiyo, mama, lazima nichague gari."

Nilidhani amechanganyikiwa. Ningekuwa mimi ningerudi kwetu Mbamba Bay, nikae kibarazani nilitazame ziwa mpaka lizimike.

"Gari gani, Mwalimu?"

"Dogo. Jepesi. La watu wawili," akasema. "Lisilobeba kitu."

Ieleweke kwamba Mbinga ya siku zile ilikuwa haijawahi kuona gari lisilobeba kitu. Gari la misheni lilibeba wagonjwa, mabati, maiti na divai ya misa. Malori yalibeba kahawa, juu ya kahawa watu, juu ya watu kuku. Mwalimu huyu alikuwa amepanda na kushuka barabara hizi utu uzima wake wote akiwa juu ya magunia, ingawa leseni alikuwa nayo na lori la chuo alilijua kuliko dereva wake. Alisema amechoka kusafiri kama mzigo. Alitaka, kabla ya macho kufunga, ashuke mara moja kutoka milimani hadi ziwani akiwa ameshika usukani mwenyewe, upepo usoni, bila gunia, bila jeneza, bila mjamzito anayelia nyuma. Hicho tu. Kila nitakachokisimulia hapa kinazunguka hicho tu.

Tulimwita Mwalimu wa Chuma kwa sababu alifundisha ufundi wa chuma kwenye chuo cha misheni tangu enzi ambazo msumari ulikuwa wa kutafuta kwa kibali. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha kahawa. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na malori yao, ushirika ukapumua kwa shida, tukapunguzwa. Wenzangu walipewa barua. Mimi nilipewa barua niliyoichapa mwenyewe, pamoja na taipureta moja kuukuu iliyokosa herufi ya Q. Nikaweka meza sokoni. Watu wakaniita Mama Taipu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa yeye, na mpaka leo sijui kama kweli alikuwa na barua ya kuchapa siku ile au alinionea huruma.

Alikuwa na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati na aliichomoa kama wengine wanavyochomoa leso. Hakukalia kiti bila kukipindua kwanza aone viungo vyake. Msibani, watu wakilia, yeye alikagua bawaba za jeneza, na kama hazikumridhisha alitingisha kichwa kwa huzuni ambayo wafiwa waliidhani ni yao. Wanafunzi walimwogopa kwa maneno yake mawili, "Rudia kupima," aliyoyasema hata kwa mwanafunzi aliyekuwa amepatia. Walimwigiza: walikuwa wakienda chooni wanaambiana warudie kupima.

Lakini alikuwa na kasoro ya ajabu, na sitaificha. Mashine za karakana alizipaka grisi kila Ijumaa bila kukosa, hata Ijumaa Kuu, jambo lililomletea maneno na paroko. Matone ya macho yake, hata yalipopatikana, yalikaa kabatini mpaka yanaganda. Mkewe alimkimbiza nayo uani kama anayekimbiza jogoo. "Nikifumba macho nitie dawa," alisema, "napoteza muda wa kuona." Ubishi wa namna hiyo huwezi kuujibu.

Wazo la gari lilitoka kwa Bruda, Mzungu mkuu wa karakana, mtu mwenye ndevu nyeupe na Kiswahili kizuri cha matusi madogo madogo. Bruda alikuwa akiletewa magazeti ya magari kutoka kwao. Humo Mwalimu aliona kwamba kuna watu huko wanaouziwa gari likiwa vipande ndani ya masanduku: fremu, bodi, usukani, taa, mfuko wa bolti. Mnunuzi anatafuta mwenyewe injini na giaboksi kutoka gari lililokufa, anaunga nyumbani, linakaguliwa, linapewa namba, linaingia barabarani kihalali. Gari la mchezo, la mbio, jepesi kama kitanda. Mtu aliyefundisha kuunga chuma maisha yake yote aliona ukurasa ule akashinda nao siku nzima.

Na zilikuwa siku za ruksa. Mitumba ilikuwa ruksa, redio kubwa ruksa, magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanateremka Songea kila wiki. Tena misheni ilikuwa na njia yake: mara moja kila mwaka marafiki wa Bruda walijaza kontena la vitu vya chuo na hospitali, likaja kwa meli, kisha kwa lori. Bruda alimwambia, "Nauli ya masanduku ni juu yangu, wewe umenifundishia vijana wangu. Akiba yako inatosha kwa moja. Chagua moja, niandike kwenye orodha. Orodha inaondoka Pasaka."

Chagua moja. Ndiyo sentensi iliyomla yule mzee kuliko presha ya macho.

Yalikuwa matatu, na kwa kuwa majina yake ya Kizungu yalitushinda kutamka tuliyapa yetu. La kwanza lilikuwa limefungwa bodi ya plastiki ngumu juu ya sakafu ya gari la kale, tuliliita Ganda. La pili lilikuwa la bati la alumini, refu, linang'aa, limechongoka mbele. Hilo nililiita mimi Mbasa, kwa samaki wetu wa Nyasa, na Mwalimu akacheka kwa sababu Wamatengo, watu wa milimani kama yeye, wanajifanya hawajui samaki ilhali wanawala kuliko sisi wa ziwani. La tatu lilikuwa karibu uchi: bomba za chuma zilizoungwa kwa pembetatu, viti viwili, magurudumu nje, hakuna mlango, hakuna paa. Hilo likawa Mbavu.

Uzito aliupima kwa magunia ya kahawa, kwa kuwa kilo za gazetini hazikumwingia mtu yeyote akilini. Mbavu magunia tisa. Mbasa kumi na nusu. Ganda kumi na mawili. "Magunia tisa," aliniambia kwa sauti ya mtu anayetongoza, "yakikwama kwenye tope, wanaume sita wanayanyanyua, wanayaweka pakavu." Kisha akachukua chokaa iliyobaki kanisani, akachora magari yote matatu uani kwake kwa kipimo kamili, kila tairi mahali pake. Akaweka kigoda ndani ya mchoro, akaketi, akashika sinia kama usukani. Akanikalisha pembeni yake kwenye kigoda cha pili ili apime mabega yetu.

Mkewe alitoka jikoni akatukuta tumekaa ndani ya Ganda, mimi na mumewe, tunatazama mbele kwenye migomba.

"Mnafika wapi?" akauliza.

"Bado tunapima, mama," nikajibu kwa aibu.

"Mume wangu kachumbia wanawake watatu wa karatasi," akasema. "Mimi peke yangu alinichagua kwa wiki mbili."

Nilimpenda sana yule mama. Alikuwa anatania, lakini usiku wake wa kumwongoza mumewe kwenda uani ulikuwa umeshaanza, na alikuwa hajaniambia.

Mwaka wa kwanza ulipotea kwa fimbo. Mwalimu alisoma kwamba tumbo la Mbavu liko chini sana, upana wa viganja viwili tu kutoka ardhini. Akakata fimbo, akaitia alama tatu, alama moja kwa kila gari, akatembea barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay kwa miguu, kipande kwa kipande kila Jumamosi, akisimamisha fimbo penye kila jiwe na kila mfereji kuona lipi lingepita na lipi lingekwaruza. Madereva wa malori walipunguza mwendo wakidhani ni mpimaji wa serikali. Alirudi na daftari limejaa, Mbavu likiwa limeshindwa kwenye makorongo kadhaa. Mvua zikanyesha, barabara ikabadilika yote, makorongo yakahamia upande mwingine. Akasema lazima arudie kupima. Pasaka ikapita, orodha ikaondoka bila jina la gari.

"Hakuna tabu," akaniambia. "Bado miwili, mitatu." Alisema hivyo akijikwaa kwenye mguu wa meza yangu, meza iliyokuwa pale pale tangu nianze.

Mwaka wa pili ulipotea kwa kosa ambalo, naamini, ni Mmatengo tu angelifanya. Alilipeleka gari kwenye sengu. Sengu ni kikao cha ukoo wao: wanaume wa ukoo mmoja wanakula chungu kimoja, na jambo zito, iwe shamba la ngolo, yale mashimo yao ya kulimia mteremkoni, posa au ugomvi, linazungumzwa hapo mbele ya chakula. Ni desturi nzuri, imezuia mengi. Lakini katika sengu yao hakuna mtu anayeambiwa "hapana" usoni. Jambo lisilopendwa linaombewa muda, linarudishwa kikao kijacho, tena kijacho, mpaka mwenyewe analisahau. Mwalimu alilijua hilo. Lakini hakuweza kununua kitu kikubwa kuliko jembe bila kupita pale, ingekuwa kama kula mafichoni.

Alinisimulia kilichotokea, na mkewe akanisimulia tena kwa ukali zaidi. Alitandaza kurasa tatu za gazeti karibu na chungu. Kaka yake mkubwa alizitazama sana, akapangusa mkono, akauliza, "Viti viwili?"

"Viwili, kaka."

"Kimoja chako. Cha pili cha nani?"

Mwalimu hakuwa amelitafakari hilo. Alijibu lililomjia: "Cha atakayetaka."

Basi. Kila mtu pale alitaka. Mmoja akasema kiti cha pili kiwe cha mgonjwa, maana hospitali iko mbali. Mwingine akauliza kama mgonjwa anaweza kulala. Wa tatu, bila ubaya wowote, akauliza kama kiti kikitolewa gunia moja la kahawa litaingia. Na Mwalimu, badala ya kukunja kurasa zake aondoke, alijibu kwa heshima, "Nitapima." Akakaa miezi anachora jinsi ya kumlaza mgonjwa ndani ya Ganda, miguu ikipita chini ya dashibodi. Kila kikao walisifu mchoro, wakaomba muda. Pasaka ya pili ikapita.

Siku ile nilimkasirikia kwa mara ya kwanza. "Mwalimu," nikamwambia, "ulitaka gari lisilobeba kitu. Sasa umelibebesha ukoo mzima, na bado halijazaliwa."

Hakukasirika. Alitoa rula mfukoni, akaigeuza geuza. Niliona kwamba ili aione aliisogeza mbele ya pua yake, kisha kushoto, kisha kulia, akitafuta mahali pa kuitazamia. "Najua, mama," akasema. "Lakini nikikosea la sasa, sina la kurekebishia. Wengine mkikosea gari, mnauza, mnanunua jingine. Mimi la kwanza ndilo la mwisho."

Hapo nilimwelewa, na kumwelewa hakukusaidia kitu.

Mwaka wa tatu tulikubaliana njia. Nilimchapia barua tatu za maombi kwa Bruda, kila gari na barua yake, na zote akazisaini. Zikae kwangu. Siku akiamua atakuja aseme neno moja tu, niipeleke hiyo, mbili nizichane. Kila alipopita sokoni nilimwuliza kwa macho, naye alitingisha kichwa. Mbasa lina kioo kizuri lakini bati lake likipigwa na kokoto linabonyea. Ganda lina nafasi lakini plastiki ikipasuka haiwezi kuungwa huku kwetu. Mbavu ni jepesi lakini mvua ya Mbinga si ya kuchezea, tutaoga barabarani. Alikuwa na haki katika kila kasoro. Laiti angekuwa anakosea hata mara moja.

Wiki ya mwisho alikuja akasema, "Mbasa." Nikakimbia na barua mpaka misheni, nikamkabidhi Bruda mkononi. Kesho yake asubuhi, Bruda akiwa getini na bahasha ya orodha anaelekea Songea, Mwalimu alimfuata anakimbia, mkono mmoja mbele kama anayepapasa, akaanguka kwenye mfereji wa geti, akainuka na tope usoni.

"Bruda, nirudishie."

"Mwalimu, kontena linafungwa!"

"Nirudishie, nakuomba. Kuna jambo la ekseli sijalipima."

Nilikuwepo. Bruda alinitazama mimi. Ningeweza kusema, "Nenda zako, Bruda, mwache." Ningeweza hata kabla ya hapo, miezi yote ile, kuchukua barua yoyote kati ya zile tatu zenye saini halali na kuipeleka kimya kimya. Nilijiambia si kazi ya mpiga chapa kumchagulia mtu. Bruda akafungua bahasha, akaitoa barua, akampa. Mwalimu aliikunja vizuri akaitia mfukoni pamoja na rula. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote niliyoyafanya na kutoyafanya katika maisha yangu, pamoja na ndoa yangu.

Alipokuja mwaka wa nne hakuja peke yake. Mkewe alimshika kiwiko. Aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa: uso wako akiupata, akiupoteza, akiutafuta tena. Hakuketi.

"Nipelekee ya Mbavu," akasema.

"Kwa nini Mbavu, Mwalimu?" Sijui kwa nini niliuliza. Nilipaswa kukimbia.

"Hayo mengine yamefunikwa. Hili mifupa yake iko nje, naweza kulijua kwa mikono."

Mkewe aligeukia upande wa soko akajifuta kwa ncha ya kanga. Nilifunga meza saa ile ile nikaipeleka barua, ambayo mwaka ule sikuwa nimeichana, na safari hii hakuna aliyemfuata Bruda getini.

Masanduku yalifika mwisho wa mavuno. Injini na giaboksi vilitoka kwenye gari dogo la Kijapani lililokuwa limepinduka karibu na Kitai, ambalo kuku walikuwa wameshaanza kutagia ndani. Nilikuwa nikipita karakana kila jioni baada ya kufunga meza. Sijawahi kuona mikono kama ile. Alipapasa kila bolti, akaipima kwa ukucha, akaijua. Vijana wa chuo walishika taa, yeye hakuihitaji. Bruda alisema kwa sauti ya chini kwamba katika miaka yake yote hajaona gari lililoungwa sawa sawa kiasi kile. Lilipokamilika Mwalimu alilizunguka mara nyingi, akiinama, tundu lake la kitasa likipita juu ya bomba moja hadi nyingine.

"Umeliona?" nikamwuliza.

"Nimeliona lote," akasema. "Ila si kwa mara moja."

Mkaguzi wa magari alikuja kutoka Songea, kijana mstaarabu, kaunda suti yake imenyooka. Alimwamkia Mwalimu shikamoo, akazunguka gari akacheka kidogo, "Hiki ni chombo cha namna gani, mzee wangu?" Kisha akaacha kucheka kadiri alivyozidi kukagua. Breki, taa, honi, usukani. Akaandika, akagonga muhuri. Halafu akasema ni utaratibu tu, dereva asome namba ya gari moja pale ng'ambo ya uwanja. Akaonyesha lori la kahawa lililokuwa linanguruma.

Mwalimu aliisoma namba ile bila kusita, herufi zote. Watu tulishusha pumzi. Nikajua baadaye kwamba lile lori alilitengeneza yeye mara mbili na aliijua sauti yake.

Mkaguzi alimwangalia. Sijui aliona nini. Akageuka taratibu akaonyesha gari dogo lililozimwa, limeegeshwa karibu zaidi kuliko lori. "Na ile pale, baba?"

Mwalimu alielekeza uso huko. Alitafuta. Tulikuwa watu wengi pale, wanafunzi, masista, wake wa walimu, na hakuna aliyekohoa. Akaendelea kutafuta. Mwisho akachomoa rula yake mfukoni, bila sababu, akairudisha.

"Gari limepita, baba," mkaguzi akasema, akifunika kalamu yake. "Wewe hujapita. Unisamehe."

"Hapana," Mwalimu akamjibu. "Umepima vizuri."

Baada ya hapo mambo yalitawanyika. Bruda alirudi kwao. Mashine za kuchapa za umeme zilifika mjini, wateja wakanikimbia na taipureta yangu isiyo na Q, nami nikarudi Mbamba Bay kuanika usipa, dagaa wetu wa ziwani. Nilisikia kwamba mke wa Mwalimu amefariki. Nilituma rambirambi, sikwenda mazishini, mvua zilikuwa zimekata barabara. Miaka ikapita.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa kiangazi, mchana mkavu. Nilikuwa nageuza usipa kwenye chanja niliposikia injini inateremka kwa sauti nyembamba ambayo si ya lori. Watoto wakakimbia. Likatokea Mbavu, na kwenye usukani alikuwa binti yake wa pekee, sista muuguzi wa hospitali ya misheni, shela yake imefungwa kwa kamba kidevuni ili isipeperuke. Pembeni yake, amekaa wima, macho wazi yasiyo na mtu ndani, alikuwa baba yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Taipu. Hapa pananuka usipa, basi nimefika."

Nikacheka, nikamshika mkono, akateremka. Sista alisema hospitali yao ilikuwa imemtuma kuleta dawa kwenye zahanati ya huku ziwani, na kwa kuwa gari la misheni lilikuwa bovu alikopa la baba. Nikaangalia. Kweli, nyuma ya viti, kwenye zile bomba, kulikuwa na maboksi mawili ya dawa yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwalimu alijua naangalia nini. "Limeanza kubeba," akasema, na akatabasamu upande mmoja.

Tukanywa chai. Aliniomba nimweleze gari lake linafananaje likitazamwa kwa mara moja. Nikamwambia ukweli, kwamba linafanana na kitanda cha hospitali kilichotoroka. Alicheka mpaka akamwaga chai. Kisha akapangusa mdomo, mimi nikaona nafasi yangu, nikamwambia habari ya zile barua tatu, na geti, na jinsi nilivyonyamaza. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeubeba mzigo ule muda mrefu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ningeichukia barua yoyote ambayo ungeipeleka," akasema. "Ningekununia mwaka mzima. Na ningeendesha."

"Lipi, Mwalimu? Ukiambiwa leo uchague?"

"Lolote," akasema. "Ganda. Mbasa. Hili hili lisilo na paa. Lolote, mama, mradi mwaka ule wa kwanza."

Nikamjazia kikombe. Sista alisimama, akasema baba twende, jua linapinda, dawa zinasubiriwa zahanati, na njia ya kurudi juu ina kona mbaya. Nikataka kumshika mkono nimpeleke, lakini alikataa, akasema gari lake analijua. Alitembea akahesabu hatua kwenye mchanga mpaka mkono wake ukagusa bomba. Lakini aligusa upande wa kulia. Alisimama pale, upande wa dereva, kiganja kwenye usukani, kidole gumba kikipita pale ambapo ngozi ya usukani ilikuwa imeanza kung'aa kwa mikono ya bintiye. Sista alikuwa nyuma yangu na ufunguo mkononi. Akaufumbata ili usilie.

Kisha akaondoa mkono. Akapita mbele ya gari, kiganja kikiteleza juu ya bomba moja baada ya nyingine, akazunguka taa zote mbili, akafika upande wa kushoto, akaketi.